Goti Kwanza, Hadithi Baadaye

Wifi yangu alianza kunyoosha mashuka ya hospitali kabla hajazaa hata mtoto mmoja, na leo mtoto wake wa kwanza ananyoa ndevu. Pale dobini wanamwita Mama Mvuke, kwa sababu yeye ndiye wa pasi ya rola, lile dude refu kama kitanda linalomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili. Rola haina kiti. Unasimama asubuhi, unasimama mchana, mvuke unakupiga usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa, na ukitaka kukaa subiri umeme ukatike.

Ameolewa na kaka yangu, fundi wa matairi, na wifi ndiye aliyeniombea kazi hapo. Mimi ni mshonaji. Chumba changu kimepakana na chake, ukutani kuna dirisha lisilo na kioo, na humo ndani natia viraka mashuka yaliyochanika na kupinda upya kingo zilizofumuka. Lakini mchana, mzigo ukizidi, naitwa kukunja, maana shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha wawili, mnalivuta likakaza, mnasogeleana mpaka ncha zikutane, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Ukikunja na mtu kwa miaka unamjua mwendo wake kuliko mumewe. Ndiyo maana habari ya goti niliijua kabla kaka hajaijua. Wifi alianza kunijia kwa kuchelewa. Baadaye akawa ananijia upande upande, kama meza iliyovunjika mguu. Mwishowe akawa haji kabisa. Anasimama kwake, ananivuta kwa shuka, mimi ndiye niende.

"Wifi, umekuwa malkia siku hizi," nikamwambia. "Unasubiri watu waje."

"Malkia wa goti bovu," akasema.

Daktari wa mifupa alipiga picha, akaitundika kwenye taa, akatuonyesha. Goti limelika, mfupa unasaga mfupa. Dawa za maumivu zitamtuliza tu, alisema, ila kupona ni kuliondoa hilo na kuweka la bandia. Sisi hatukulia. Tuna bima. Mshahara wetu haujawahi kufika mkononi kabla bima haijaumega, mwezi hadi mwezi, tangu wifi ana nyonga za msichana. Tukasema haya, zamu yao sasa kutoa.

Tena haraka ilikuwepo, na haraka hiyo iliitwa msimamizi. Msimamizi wetu ni mtu wa kalamu mbili mfukoni na hajawahi kufua hata leso yake. Alimwita wifi pembeni, ila pembeni kwake ni mbele ya watu wote.

"Mama Mvuke, mikataba mipya inakuja. Nikuandike nini? Niletee tarehe ya kupasuliwa, nitakuandika mgonjwa, utapumzika, utarudi kwenye rola yako. Usipokuwa na tarehe nitakuandika huwezi kazi."

"Tofauti yake?"

"Mgonjwa anarudi. Asiyeweza anaaga. Si mimi, ni utaratibu."

Basi kila kitu kikawa kwenye tarehe. Akiipata, kazi ipo. Akiikosa, miaka yote ile imeyeyuka kama mvuke wenyewe.

Ofisi ya bima ina kiyoyozi kinachogandisha vidole, viti vilivyofungwa kwa boliti sakafuni kana kwamba tungeviiba, na ukutani picha ya mwanamke mwembamba anakimbia huku anacheka. Sijui anacheka nini. Karani ana sauti laini, kama anabembeleza mtoto asilie sindano.

"Mama, ombi la goti limerudi," akasema. "Uzito wako umepita kiwango. Kampuni hailipii goti mpaka upungue."

"Nipungue vipi?"

"Mazoezi, mama. Kutembea kunasaidia sana."

Wifi akaliangalia goti lake, kisha akamwangalia karani. "Nitembee kwa lipi?"

Karani akakohoa. Wifi akamwambia kwamba daktari alilijua hilo, ndiyo sababu aliandika na sindano za kupunguza mwili, zile za kila wiki, apungue chini ya uangalizi wake kisha apasuliwe.

"Tumeiona hiyo," karani akasema. "Hiyo hatulipii. Iko kwenye fungu la urembo."

"Fungu la nini?"

"Urembo. Kucha, ngozi, nywele, kupunguza mwili. Mambo hayo."

Nilikuwa nimekaa tu kama msindikizaji, lakini hapo mdomo ulinifunguka. "Baba, mwangalie huyu. Unaona kucha hapo?" Nikamwinua wifi mkono nikauweka juu ya kaunta yake. Mkono wa mtu wa rola hauna kucha za kuongelea. Una makovu ya moto hadi kwenye kiwiko.

"Mama, mimi sikutunga utaratibu. Angekuwa na kisukari, sindano hiyohiyo tungemlipia."

"Hiyohiyo?" wifi akauliza.

"Hiyohiyo."

"Kwa hiyo nikatafute sukari kwanza ndiyo nirudi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema. Nimesikia tu."

Mimi niliishia shule ya msingi, labda kuna kitu kilinipita, kwa hiyo nakirudia taratibu. Kampuni inamwambia wewe ni mnene mno, hatukupi goti. Anasema sawa, nipeni dawa ya unene. Inamwambia unene wako ni urembo. Kwenye goti ni ugonjwa, kwenye dawa ni mapambo. Nyama ileile, mtu yuleyule, karani yuleyule, kaunta ileile. Kuna watu wamesoma hadi vichwa vikatoka upara ili watunge jambo hilo, na jioni wanarudi nyumbani wanalala usingizi.

Usiseme hakujaribu. Alizunguka uwanja wa dobi kila alfajiri akishika ukuta, mpaka siku goti lilipomtupa chini kwenye mfereji wa maji ya sabuni. Aliacha sukari kwenye chai, akaacha mafuta, akaacha chakula cha usiku. Kaka akanijia analalamika, "Mke wangu anakula kama ndege, na sasa na mimi napikiwa kama ndege." Alipungua kidogo, mizani ikaonyesha, mwezi uliofuata ikarudi palepale. Mwili wake ni wa mama yake na wa bibi yake. Tena mtu asiyeweza kutembea, anayebeba maumivu mchana na usiku, atapungulia wapi?

Mbele ya geti la hospitali, ng'ambo ya barabara, kuna saluni. Msusi wake ana maneno matamu na mkoba mkubwa, na siku hizo kwenye mkoba mlikuwa na mafuta ya nywele, nyusi za bandia, na sindano za kupunguza mwili. Sindano yenyewe imekaa kama kalamu nene. Unapachika kijisindano kidogo mbele, unazungusha kitufe nyuma kinalia tik, tik, kila tik ni kipimo, kisha unajichoma tumboni.

"Dada zangu, wenye pesa wote mnaowaona wamepungua wanachoma hii," akatuambia. "Mnadhani ni mbio?"

Boksi lake lilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, hata msusi mwenyewe. Duka kubwa la dawa lina zile za kweli, zenye karatasi ya daktari, lakini bei yake ukiisikia unapungua papo hapo bila kuchomwa. Ya msusi ilikuwa nafuu, na hata hiyo nafuu ilimshinda mtu mmoja. Basi wakafanya kama tunavyofanya siku zote dobini. Tunachangia sabuni, tunachangia chai, tunachangia msiba. Wakachangia na sindano.

Walikuwa watatu. Wifi, kwa ajili ya goti. Mama Pacha, anayepakia mashine za kufulia, ambaye mume wake alikuwa amempa maneno juu ya tumbo lililobeba watoto wawili kwa mpigo, na mwanamume huyo nitamsema siku nyingine. Na Shangazi, mkubwa wetu wote, wa meza ya mataulo, ambaye alisema hataki kupungua ila hataki kuachwa nyuma. Mimi hawakuniuliza. Ningechoma ile kitu ingebaki nguo peke yake imesimama.

Kila mmoja na kijisindano chake kipya, kalamu moja. Na hapa nisikilizwe vizuri, maana watu wakishasikia habari hii husema hawa ni wajinga. Wifi yangu si mjinga. Aliliona tatizo kabla ya mtu yeyote.

"Kalamu moja, watu watatu," akasema. "Damu ya mtu ni damu ya mtu."

"Vijisindano tunabadilisha," Mama Pacha akasema.

"Sitaki kubahatisha. Hapa tunapokea mashuka ya wodi zote. Yana damu, yana usaha, yana kila kitu alichougua kila mtu. Tunayafanyaje mpaka mgonjwa mwingine anayalalia?"

"Tunayapika," Shangazi akajibu.

"Haya."

Basi kila mara kabla ya mmoja kuchoma, wifi aliifunga ile kalamu kwa taulo bichi akailaza juu ya bomba la mvuke, palepale tunapopashia chakula chetu cha mchana. Ilitoka hapo ina moto kama kikombe cha chai. Wanaisubiri ipoe kidogo, anachoma mmoja, inarudi bombani, anachoma mwingine. Chumba changu ndicho kilichokuwa kliniki. Dirisha nililiziba kwa shuka. Kwa kazi tuliyokulia, hakukuwa na mtu pale ambaye angesema hapana. Maisha yetu yote hatujawahi kuona uchafu ulioshinda moto.

Wakachoma. Wakasubiri. Hakuna kitu. Hawakusikia kichefuchefu ambacho msusi alisema watasikia, njaa ilikuja kwa saa yake kama askari wa zamu, na Shangazi akaongezeka.

"Miili yenu ni sugu," msusi akasema. "Zungusheni mbele zaidi."

Wakazungusha mbele. Bado. Wakazungusha tena mpaka kitufe kikagoma, kikawa hakina pa kwenda, wakaimaliza kalamu, wakachangia ya pili, nayo ikapitia bombani kama ya kwanza.

"Mimi nachoma maji," Mama Pacha akasema siku moja, akavuta blauzi chini. "Afadhali nimpunguze mume."

Shangazi naye akajitoa. Wifi angejitoaje? Msimamizi alikuwa ameanza kupita na majina ya mikataba, na kila akifika kwenye rola anapunguza mwendo. Wifi akachukua akiba aliyoiweka ya mabati ya nyumba, akanunua kalamu yake peke yake. Msusi wakati huo alikuwa ameambiwa na aliyemletea kwamba dawa hizo ni za baridi, kwa hiyo alikuwa amezihamishia kwenye friji, katikati ya soda. Ya wifi ilitoka humo, ina ubaridi wake. Na kwa kuwa ilikuwa ya mtu mmoja, hapakuwa na damu ya mtu ya kuogopa, bomba la kazi gani? Hakuipasha. Akazungusha kitufe palepale alipokuwa ameishia na zile nyingine, mwisho kabisa, akachoma.

Alianza kutapika usiku uleule. Asubuhi alikuja kazini macho yameingia ndani, na anafurahi.

"Wifi, inafanya kazi," akaniambia.

"Inafanya kazi au inakuua?"

"Msusi alisema nitasikia vibaya. Ndiyo kupungua kwenyewe."

Alikunywa maji, yakarudi. Alikunywa uji, ukarudi. Wiki ikapita hivyo, kanga inamzunguka mara mbili, na ilipofika siku yake akachoma tena, kipimo kilekile. Nilimkataza, akanijibu kwa utulivu, "Unataka nipate tarehe au hutaki?" Siku ya tatu yake alikuwa analisha shuka kwenye rola, nikamwona kupitia dirishani anapepesuka. Hakuanguka nyuma. Aliangukia mbele, mikono ikifuata shuka mdomoni mwa mashine. Mama Pacha alipiga ubao mwekundu wa kusimamishia kwa tako, maana mikono yake ilikuwa na ndoo, rola ikanyamaza, na vidole vya wifi vilikuwa vimefika pale ambapo kitambaa kinaanza kufuka moshi.

Tukamsukuma kwa toroli la mashuka hadi wodini. Ndilo lililokuwa karibu.

Daktari wa wodi alikuwa mama mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi na maneno machache. Wifi amelala amewekewa maji ya mshipa, juu ya shuka lenye kiraka changu, na daktari ameishika ile kalamu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikamweleza yote, pamoja na bomba. Alinisikiliza bila kunikatisha.

"Dawa hii ni ya baridi," akasema. "Joto linaiua. Zile mlizopasha zilikuwa hazina kazi tena. Mlikuwa mnachoma maji kweli."

"Na hii ya mwisho?"

"Hii ilikuwa hai. Dozi yake huanza chini kabisa, mwili ukizoea ndiyo inapandishwa, mwezi baada ya mwezi. Yeye alidhani amezoea, kumbe mwili haujaonja hata tone. Akajipa ya juu kabisa, mara mbili. Ametapika mpaka amekauka, na figo zimepata shida." Akaigeuza kalamu. "Hapo nakisia kwamba humu mlikuwa na kile kilichoandikwa. Sijui mlikuwa na nini, wala kiasi gani."

Wifi akafungua jicho moja. "Moto unaua kila kitu," akasema, sauti kama karatasi.

"Umeua dawa, mama. Na mvuke wa nje hausafishi kalamu ndani. Ukichoma, damu kidogo hurudi humo, hata mkibadilisha kijisindano. Kalamu haichangiwi, hata na pacha wako. Wote watatu mtapimwa damu."

Walipimwa, wakarudiwa kupimwa baadaye, wakawa salama. Mama Pacha hakula vizuri mpaka majibu ya pili yalipotoka. Akasema angejua, angetumia njia hiyo ya hofu tangu mwanzo, haina gharama.

Nikauliza swali ambalo bado nauliza. Haya yote daktari aliyaeleza kwa muda mfupi wa kusimama kando ya kitanda. Nani alikuwa ametueleza kabla? Yule daktari wa mifupa angemwelekeza wifi kila tik ya kile kitufe, ndiyo kazi yake, aliomba kuifanya, na karani akamkatalia kwa sauti laini. Waliziba mlango wenye daktari, wakaacha wazi mlango wenye msusi.

Akaja mkaguzi wa dawa, na kitambulisho kifuani, akaomba boksi. Aliligeuza pande zote.

"Hii haijasajiliwa nchini," akasema. "Hairuhusiwi kuuzwa. Na tulishatoa tangazo."

"Mlilitoa wapi?"

"Kwenye tovuti yetu."

"Baba, sisi tunanyoosha mashuka. Hiyo tovuti tuifungulie kwenye rola?"

Hakucheka. Akavuka barabara, akaifunga saluni kwa kufuli na karatasi. Msusi akahamia kwenye kibanda cha nyuma, ukutani mwa hospitali hiyohiyo, anauza mpaka leo, na gari la wakaguzi hupita hapo vioo vimepandishwa. Sijui ni nini kinachowazuia kuteremka. Labda nje kuna joto.

Na bima? Subiri. Wodi ilipopeleka gharama za wifi, jibu lilirudi kwamba madhara ya dawa ya urembo hayalipiwi. Kaka yangu akauza mashine yake ya kujazia upepo. Sasa anajaza matairi kwa pampu ya mguu, watu wanamcheka barabarani, naye anasema, "Nafanya mazoezi, bima wanapenda."

Wifi alitoka hospitali mwembamba wa kutisha. Nilimpunguzia sare pembeni, nikaipunguza tena, kola ikabaki imemzunguka kama shimo la kisima. Nywele zilikuwa zinamtoka. Goti lilikuwa lilelile, maana mfupa hauna habari na kilo zako. Daktari wa wodi akasema figo zinarudi polepole, ale, anywe, asiguse ile kitu. Msimamizi akasema mikataba ni mwisho wa mwezi.

Tukarudi kwenye viti vya boliti. Karani alimpandisha wifi kwenye mizani, akaiinamia, akainuka uso unang'aa.

"Hongera sana, mama," akasema. "Umeona? Ukiamua, inawezekana."

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia mume nikamfukuza, nimekasirikia mwenye nyumba nikahama mvua inanyesha. Sijawahi kukasirika kama siku ile. Mwanamke amesimama hapo anashika kaunta asianguke, amelipa kwa figo na kwa mabati na kwa mashine ya mumewe, alikuwa karibu kulipa kwa mikono, na anapewa hongera kama mtoto aliyemaliza chakula. Nilivuta pumzi nimwambie. Wifi akanishika kifundo cha mkono, akanibana kwa vile vidole vya rola, na mimi nikanyamaza kwa sababu mfupa ulikuwa unalia.

"Asante, mwanangu," akamwambia karani.

"Kwa kweli wewe ni mfano. Unajua tuna jarida la wanachama? Tunatafuta watu waliofanikiwa. Habari ya maisha yako tu, nusu ukurasa, na picha unatabasamu. Bosi atafurahi sana, toleo lenyewe linakaribia kwenda kuchapwa."

Wifi akaikaza mikono kwenye kaunta. Naujua mshiko wake. Ndio ule wa kabla ya kuvuta shuka likakaza.

"Habari nitaitoa," akasema. "Ila goti kwanza, hadithi baadaye."

"Mama, ombi lina hatua zake, linaweza kuchukua..."

"Basi na hadithi ina hatua zake."

Karani akatazama mizani, akatazama picha ya yule anayekimbia anacheka, akaingia ndani. Alipotoka, ombi lilikuwa limepita. Kumbe hatua zenyewe zilikuwa mlango mmoja na mtu mmoja nyuma yake. Siku ileile daktari wa mifupa akaandika tarehe, ya mbele kidogo ili figo ziwe sawa, tukaipeleka dobini tukiwa tumeishika wawili. Msimamizi akaisoma, akachomoa moja ya zile kalamu zake mbili, akamwandika mgonjwa.

"Si mimi, ni utaratibu," akasema.

"Tunajua," wifi akajibu. "Nyie wote si nyie."

Amepasuliwa. Ameumwa, amejifunza kupiga hatua akiwa ameshika bega la kaka na kumtukana kila hatua, kilo zimerudi kiasi na nywele zimerudi zote. Wiki iliyopita alirudi kwenye rola yake. Karani naye amepiga simu, anaomba habari yake, toleo la kwanza lilimpita na hataki la pili limpite. Wifi amesema ameahidi na atatimiza, ila yeye ana mashuka, niandike mimi. Karani alisema bila shaka, yeyote mwenye mwandiko mzuri.

Haya, mwandiko mzuri ndio huu. Imezidi nusu ukurasa, wakitaka wapunguze wenyewe, wao ndio mabingwa wa kupunguza. Wasipoichapa, nina nakala, na ukuta wa dobi uko wazi, na geti la hospitali liko wazi, na kibanda cha msusi kina mlango mzuri wa mbao unaoshika gundi.

Nilikuwa nafika hapa wifi akaniita dirishani, mzigo wa wodi ya wazazi umekuja. Nikatoka. Alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, nikashika zangu, tukalivuta likakaza. Nikasubiri kidogo kwa mazoea yangu, nijiandae kwenda. Akaja yeye. Mguu mmoja, mguu wa pili, umenyooka kama wa mtu yeyote.

"Umeliandika lile la hongera?" akauliza.

"Nimeliandika."

"Na la bomba?"

"Na la bomba."

"Haya," akasema, akaniwekea ncha zake mkononi. "Shika, twende lingine."